Kampilan ya Chuma cha Springi

Muuzaji aliniandikia kuwa ninachonunua ni "upanga wa Lapulapu". Hapo nikasita kidogo. Tarehe 27 Aprili 1521, huko Mactan, Ufilipino, Magellan alikatwa mguuni kabla ya kuzidiwa na kuuawa. Antonio Pigafetta, aliyekuwepo na akanusurika, anasema silaha iliyomkata ilifanana na kitara, ila kubwa zaidi. Jina kampilan hapo halimo.

Nikanunua hata hivyo, tena bila kinyongo. Kampilan ni upanga wa Wamaranao na Wamaguindanao wa Mindanao, kusini, na hauna haja ya kuazima heshima ya Mactan. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, kisha linapanuka kuelekea ncha. Mpini wenyewe umepasuka kama mnyama aliyeachama mdomo.

Yangu imefuliwa kwa mkono, kwa chuma cha springi za lori. Rafiki yangu akacheka: sasa jadi iko wapi hapo? Jamani, ipo! Mfua chuma hutumia chuma anachokipata, na springi inashika makali bila kuvunjika ovyo. Mafundi wetu wa mapanga wanalijua hilo fika.

Kinachonisumbua mimi ni unene. Kampilan za kale zilipunguzwa unene kadiri bapa lilivyokwenda mbele, ndiyo maana upanga mrefu vile ulichezeka mkononi. Zile za kupamba ukuta huachwa nene mwanzo mwisho, nzito kama mtaimbo. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji picha moja tu, ya mgongo wa upanga, toka mpini hadi ncha. Akatuma. Unene ulikuwa unapungua.