Mazoezi Makali ya Vipindi na Chipukizi wa Tenisi Tanga: Mtazamo wa Kihistoria

Tenisi iliingia Tanga pamoja na ukoloni, ikachezwa zaidi katika klabu zilizobagua watu kwa rangi. Kijana wa Ngamiani alibaki na soka. Katika miaka ya 1930, nchini Ujerumani, mkufunzi Woldemar Gerschler aliendeleza mazoezi ya vipindi: mbio kali, pumziko fupi, kisha marudio. Mwanafunzi wake, Rudolf Harbig, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939, kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Mbinu hiyo inaoana na tenisi, ambayo kanuni zake humpa mchezaji sekunde 25 tu kati ya pointi. Haidai mashine; saa na mchanga mgumu wa maji kupwa hutosha. Kwa hiyo, uchache wa chipukizi wa tenisi Tanga unaelezwa zaidi na historia ya umiliki wa viwanja kuliko na uwezo wa mwili.