Camille Laurin: daktari wa akili aliyeipatia Quebec sheria ya lugha

Tarehe 26 Agosti 1977, Bunge la Quebec lilipitisha Sheria Namba 101, inayoitwa Hati ya Lugha ya Kifaransa. Quebec ni jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wapatao wanne kati ya watano ni wasemaji wa Kifaransa. Waziri aliyeiasisi sheria hiyo na kuitetea hadi kura ya mwisho alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Camille Laurin.

Laurin alizaliwa mwaka 1922 huko Charlemagne, mji mdogo ulio jirani na Montreal. Alisomea udaktari Montreal, kisha akaongeza ujuzi wa tiba ya akili Boston na Paris. Aliporudi nyumbani alifanya kazi katika Taasisi ya Albert-Prévost na kufundisha Chuo Kikuu cha Montreal. Wakati huo wagonjwa wa akili wa Quebec walikuwa wamerundikwa katika hospitali kubwa zilizoendeshwa na watawa. Moja yao, Saint-Jean-de-Dieu, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 5,000, na wengi waliingia wakiwa vijana wakatoka wakiwa maiti.

Mwaka 1961 Jean-Charles Pagé, aliyewahi kulazwa humo, alichapisha kitabu kinachosimulia mateso ya wagonjwa. Laurin alikubali kukiandikia neno la mwisho, akaweka jina na heshima yake nyuma ya mtu ambaye jamii ilimwita kichaa. Kitabu kiliitikisa serikali. Tume iliundwa, na ripoti yake ya mwaka 1962 ilifungua njia ya mageuzi. Daktari huyo alikuwa ameona kwamba maradhi mengine hayaponi kliniki pekee. Yanahitaji uamuzi wa serikali.

Nje ya hospitali aliona jeraha jingine. Uchunguzi wa tume ya kitaifa iliyoundwa na serikali ya Kanada ulionyesha kwamba mwaka 1961 wanaume wa asili ya Kifaransa, ndani ya Quebec yenyewe, walikuwa karibu na mkia katika orodha ya mapato. Viwandani Montreal, kupanda cheo kulidai Kiingereza. Wahamiaji walioliona hilo waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza. Kwa Laurin, hali hiyo ilimfanya mtu azoee kujidharau na kuionea haya lugha ya mama yake.

Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Parti Québécois, chama cha René Lévesque kilichotaka Quebec ijitawale. Katika uchaguzi wa 1970 chama kilipata asilimia 23 ya kura lakini viti 7 tu. Lévesque mwenyewe alishindwa, na Laurin, mbunge mpya wa Bourget, akaongoza kundi hilo dogo bungeni. Mwaka 1973 naye alipoteza kiti. Tarehe 15 Novemba 1976 upepo uligeuka: chama kilishinda viti 71 kati ya 110, na Lévesque akamkabidhi Laurin wizara ya maendeleo ya utamaduni.

Akisaidiwa na wanasosholojia Guy Rocher na Fernand Dumont, Laurin aliandaa sheria iliyogusa maisha ya kila siku. Kifaransa kiwe lugha ya serikali. Kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zithibitishe kwamba zinafanya kazi kwa Kifaransa. Mabango ya biashara yaandikwe kwa Kifaransa tu. Watoto wa wahamiaji wasome shule za Kifaransa, na za Kiingereza zibaki hasa kwa watoto ambao mzazi wao alisoma shule ya msingi kwa Kiingereza humo Quebec. Lévesque mwenyewe alisita, kwani aliona ni fedheha kwa watu kulinda lugha yao kwa amri. Laurin hakurudi nyuma.

Gharama ilikuwapo, na haifai kuifumbia macho. Maelfu ya wasemaji wa Kiingereza walihama, na mapema mwaka 1978 kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza kuhamishia makao makuu Toronto. Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua vifungu kadhaa, kikiwemo kile cha mabango mwaka 1988. Waliojiona wageni katika mji walimozaliwa walikuwa na uchungu wa kweli.

Baadaye Laurin alikuwa waziri wa elimu. Novemba 1984 alijiuzulu pamoja na baadhi ya mawaziri wenzake, kwa kuwa Lévesque alikuwa ameiweka kando hoja ya kujitawala. Alirudi kutibu wagonjwa, akachaguliwa tena Bourget mwaka 1994, na akafariki tarehe 11 Machi 1999. Kura za maoni za 1980 na 1995 zilikataa Quebec kujitenga, hivyo nchi aliyoiota hakuiona.

Sheria yake, hata hivyo, ipo hadi leo, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watoto wengi mno wa wahamiaji walisoma kwa Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapatao wanane kati ya kumi walisoma kwa Kifaransa. Laurin alielewa kwamba lugha haiishi kwa kusifiwa majukwaani. Huishi inapopewa kazi shuleni, kiwandani na ofisini. Anayeipenda lugha yake na aanzie hapo, na wakati huohuo akumbuke kuwatendea haki majirani wanaosema lugha nyingine.