Kizuri Hakikosi Ila: Historia ya Lenzi ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha pale Tanga, na alipofariki tuligawana vitu vyake. Mimi niliambulia lenzi. Binamu zangu walinicheka: wao wamechukua redio na baiskeli, mimi nimepewa kioo kilichogeuka rangi ya chai ya rangi. Lenzi yenyewe ni ya milimita 35, inafunguka mpaka f/1.4, na jina la kampuni limeshafutwa na vidole vya mjomba kwa miaka mingi ya harusi na maulidi.

Msomaji atauliza, f/1.4 ndiyo nini? Ni hesabu ya darasani tu. Gawa milimita 35 kwa 1.4, unapata 25. Huo ndio upana wa tundu la mwanga, ukilitazama kwa mbele. Lenzi ya f/2.8 ina tundu nusu ya upana huo, kwa hiyo inapitisha robo tu ya mwanga. Pale wenzako wanapohitaji sehemu ya nane ya sekunde, na picha inatikisika, wewe unapiga kwa 1/30 na mkono unatulia.

Sasa, kutengeneza kitu hicho haikuwa kazi ndogo. Kamera ya kioo cha kuakisi, kama Nikon F iliyotoka mwaka 1959, ina kioo kinachopanda na kushuka nyuma ya lenzi. Kutoka mdomo wa kamera hiyo mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5. Lenzi ya milimita 35 ya mtindo wa zamani ingetaka kukaa karibu zaidi ya hapo, yaani palepale kioo kinapopita. Dawa ilitoka Ufaransa: mwaka 1950 Pierre Angénieux alitoa lenzi ya 35 mm f/2.5 yenye kioo kikubwa cha kutawanya miale mbele, na hivyo nyuma kukabaki nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wajapani wa Nippon Kogaku wakatoa Nikkor ya 35 mm f/1.4 kwa kamera za kioo: vipande 9 vya kioo katika mafungu 7, na mafungu yanayoachana yenyewe unaposogea karibu, ili picha isiharibike.

Lakini kizuri hakikosi ila. Mpangilio ule wa mbele mkubwa nyuma mdogo hauna ulinganifu, na katika lenzi za enzi zile, tundu likiwa wazi kabisa, katikati hung'aa na pembeni hulegea. Taa ndogo ikikaa ukingoni mwa picha huota mabawa kama ndege. Tena ukimsogelea mtu mita moja, panapoonekana sawasawa hapazidi upana wa vidole vinne. Na ile rangi ya chai? Baadhi ya vioo vya miaka ile vilitiwa thoriamu ili vipinde mwanga vizuri zaidi. Thoriamu hutoa mionzi hafifu, na mionzi hiyo huugeuza kioo rangi polepole. Jua hupunguza weusi huo. Nilijaribu dirishani, rangi ilipungua kweli baada ya majuma kadhaa, ila siku ya kwanza lenzi ilikusanya jua ikatoboa kitambaa cha meza, nami nikatukanwa ipasavyo.

Basi usiku mmoja umeme ulikatika, na bibi alikuwa mgonjwa. Chemli ilikuwa imewekwa chini, mama amekaa kando na bakuli la uji. Nilikuwa na filamu ya ASA 400. Nikafungua tundu lote, nikamlenga bibi jichoni, nikabana pumzi.

Bibi hakufikisha Idi.

Picha iliposafishwa tulinyamaza wote. Kila kunyanzi la uso wake lipo, na jicho limetutazama kana kwamba atasema neno. Lenzi yoyote ndogo ya f/2.8 isingeipata picha ile. Mama aliishika muda mrefu, halafu akauliza:

"Na mimi niko wapi?"

Alikuwepo ukingoni, karibu na chemli iliyoota mabawa: kanga imeyeyuka, uso hauna pua wala macho.

"Yaani nimemuuguza miezi mitatu, mwanangu, halafu picha inanifuta?"

Nilitaka kumweleza habari za miale na ulinganifu. Nikaona haya. Kosa halikuwa la lenzi. Mimi ndiye niliyechagua wa kukaa katikati, na yule aliyeshika bakuli sikumfikiria.

Jumapili iliyofuata nilimkalisha mama kibarazani mchana kweupe, nikafunga tundu mpaka f/8, mahali ambapo hata lenzi kongwe kama hii huona vizuri kutoka pembe hadi pembe. Akajitengeneza kanga, akaangalia kiti kitupu kilichokuwa pembeni yake, akasema:

"Na bibi yako utamweka wapi?"