UKAME, JEMBE NA BOMBA: FUNZO LA KINONDONI NA TEMEKE

Ukame huletwa na maumbile. Njaa na kiu huletwa pia na mipango ya watu. Kada asiyetofautisha mambo haya mawili hana la kuwaeleza wananchi ila kuwaambia wasubiri mvua. Historia ya pembezoni mwa Dar es Salaam, katika wilaya za Kinondoni na Temeke kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa kutoka kwazo, inatufundisha jambo hilo waziwazi.

Kilimo

Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliikuta nchi katikati ya operesheni ya kuhamia vijijini, huku bei ya mafuta duniani ikiwa imepanda. Fedha za kigeni zilizohitajika kwa mashine na vipuri zikaishia kununua nafaka nje. Ndipo mwaka 1974 ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa mijini nao walihimizwa kushika jembe, na viwanda na ofisi vikatakiwa kuwa na mashamba.

Wito huo ulikuwa wa haki, kwani taifa lisilojilisha haliwezi kujitawala kikamilifu. Lakini udongo wa pwani una kichanga kingi. Mhogo na mnazi huvumilia. Mahindi hayavumilii mvua ikichelewa. Nguvu ya watu ilihesabiwa, maji hayakuhesabiwa.

Kazi

Mkulima aliyeshindwa na shamba kavu huja mjini, na mjini hukuta kiwanda kisichoajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya wasio na kazi walipelekwa katika vijiji vya ujamaa kandokando ya jiji, kama Gezaulole, wakati huo Temeke na leo Kigamboni. Mwaka 1983, viwanda vikiwa vimepungukiwa malighafi na vipuri, ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi. Watu walikamatwa mitaani wakaitwa wazururaji, ingawa wengi wao walikuwa wachuuzi waliojitafutia riziki. Walipelekwa vijijini kulima, na wengi walirudi.

Kwa nini walirudi? Kusema walikuwa wavivu ni kurudia lugha ya mkoloni, ambaye naye aliwafukuza mjini Waafrika wasio na ajira. Mtu hawezi kuipenda ardhi aliyopewa kama adhabu, bila maji wala nyenzo.

Maji

Mwaka 1971 serikali iliweka lengo la kuwafikishia maji safi wananchi wote wa vijijini katika miaka 20. Jiji, kwa upande wake, lilitegemea mtambo wa Mtoni kwenye mto Kizinga, Ruvu Juu wa mwaka 1959 na Ruvu Chini wa mwaka 1976. Mitambo yote hiyo huchota mtoni. Ukame wa 1997 ulipoupunguza Ruvu, visima vilichimbwa kwa dharura. Kati ya 2003 na 2005 usambazaji ulikabidhiwa kampuni ya City Water, kisha mkataba ukavunjwa.

Mjadala wa nani aendeshe bomba ulikuwa wa lazima. Lakini bomba la umma na bomba la mwenye hisa yote hukauka mto ukikauka. Mitambo ya Ruvu ilipanuliwa hadi uwezo wa lita milioni 270 kwa siku Ruvu Chini na milioni 196 Ruvu Juu. Hata hivyo, Oktoba 2022 vuli ilipochelewa, jiji likaingia katika mgao. Mwezi uliofuata visima vya Kigamboni vikaanza kutoa maji, na mkataba wa bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, ukatiwa saini. Bwawa hilo lilikuwa limezungumzwa kwa miongo kadhaa.

Funzo

Kwanza, mipango yetu huzaliwa wakati wa kiangazi na kusahauliwa masika. Pili, mzigo wa ukame haugawanywi sawa: anunuaye maji kwa ndoo hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani, na mlima mchicha wa bondeni hupoteza chakula na ajira siku moja. Tatu, kilimo, kazi na maji ni swali moja.

Basi kada afikapo kwenye tawi lake wakati wa masika, asihesabu majembe tu. Aulize maji yanayopita yanahifadhiwa wapi, na yatamfikia nani kwanza mvua itakapokatika.