Springi chakavu, hatari iliyojificha ndani ya bastola ya askari

Bastola ya askari yaweza kung'aa kwa mafuta, ikapita ukaguzi wa asubuhi bila dosari, na bado ikakwama baada ya risasi ya tatu. Mara nyingi kasoro haimo katika mtutu wala katika risasi. Imo katika springi, waya uliosokotwa ambao bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya silaha yenyewe, na ambao uchovu wake hauonekani kwa macho. Ndiyo maana fundi wa silaha anayeijua kazi yake hangoji springi ivunjike. Huiondoa ingali inafanya kazi.

Springi kuu ya bastola hukaa chini ya mtutu. Risasi inapolipuka, chuma cha juu, yaani kitelezi, hurudi nyuma kwa kishindo na kulitupa nje ganda tupu. Springi hukipunguza kasi, kisha hukisukuma mbele kikiwa kimebeba risasi nyingine. Ikilegea, madhara huja kwa njia mbili. Kwanza, kitelezi hurudi kwa nguvu kupita kiasi na kuigonga fremu, na kwa muda mrefu vyuma huanza kupata nyufa. Pili, kitelezi hukosa nguvu ya kurejea mbele kikamilifu, risasi ikasalia nusu ndani nusu nje, na askari akivuta kifyatulio asisikie chochote. Aliye mbele ya jambazi hana fursa ya kutafakari kilichotokea, na mwananchi aliyekuwa akitegemea ulinzi wake hana pia.

Ipo pia springi ya magazini, ile inayozisukuma risasi juu kutoka ndani ya mpini. Askari wengi huamini kwamba magazini ikikaa imejaa kwa miezi, springi yake hufa. Dhana hiyo ina ukweli kiasi tu. Springi iliyoundwa vyema kwa chuma kizuri haichoshwi sana na kukandamizwa. Huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiliwa mara nyingi. Kwa hivyo magazini za mazoezi, zinazojazwa na kumwagwa kila wiki, ndizo za kushukiwa kwanza. Aidha kuna springi za ndoano inayovuta ganda, za kifyatulio na za nyundo, ambazo hudumu zaidi lakini nazo zina mwisho wake.

Mfano ulio wazi ni wa bastola ya Beretta M9, iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1985. Kiwanda kilishauri springi kuu ibadilishwe kila baada ya risasi 5,000. Hata hivyo, katika miaka ya mwisho ya 1980 vitelezi kadhaa vilikatika, na vipande vikawarukia wapigaji usoni. Wanajeshi wakaanza kuhesabu risasi ili kukibadilisha kitelezi kabla hakijafika ukingoni, nacho kiwanda kikaongeza ukubwa wa kichwa cha pini ya nyundo ili kukizuia kisitoke hata kikivunjika. Kipande kidogo kinachoufunga mtutu pamoja na kitelezi wakati wa mlipuko nacho kilijulikana kwa kukatika, hata kikafanyiwa marekebisho ya muundo. Baadaye, katika vita vya Iraq, lawama ziliiangukia magazini, kwa kuwa mchanga ulizuia risasi kupanda.

Wakenya wamelizoea jina la Ceska kutokana na taarifa za polisi na kesi za mahakamani. Katika modeli ya CZ 75 ya kiwanda hicho cha Uherský Brod, Jamhuri ya Czech, sehemu ya kuchungwa ni kizuizi cha kitelezi. Pini yake hupita chini ya mtutu na kupokea kishindo cha kila risasi, hivyo si ajabu ikakatika baada ya matumizi mengi. Wanaoitunza bastola hiyo kwa makini huwa na ya akiba.

Ugumu, basi, hauko katika kubadilisha bali katika kuhesabu. Askari anayepiga risasi 50 mara nne kwa mwaka hutumia 200, na angehitaji miaka 25 kufikisha 5,000. Bastola ya mkufunzi katika uwanja wa shabaha yaweza kufika huko kwa miezi michache tu. Zote mbili zikitundikwa katika ghala moja, na kila askari akichukua iliyo karibu, hakuna ajuaye ipi imechoka. Dawa yake ni daftari lenye nambari ya kila silaha, risasi zilizopigwa na tarehe ya kila kipuri kilichobadilishwa. Kwa silaha zinazobebwa sana na kupigwa nadra, umri hutumiwa badala ya risasi.

Kosa jingine, nalo ni la kawaida, ni kutoa springi katika bastola mbovu na kuitia katika nzima: hesabu yake haijulikani. Kutia springi ngumu zaidi kwa nia ya kujihami nako kwaweza kukizuia kitelezi kurudi nyuma kikamilifu, hasa risasi zikiwa za nguvu ndogo. Hata springi mpya ya kiwandani si dhamana: mwaka wa 2011 Glock ililazimika kubadilisha springi kuu za bastola zake za kizazi cha nne, zilizoingia sokoni mwaka uliotangulia.

Kwa sababu hiyo bastola iliyotiwa vipuri vipya hupigwa kwanza uwanjani, kwa risasi zile zile za kazini, ndipo irudi kiunoni mwa askari. Springi kuukuu hukatwa papo hapo, isije ikarudi katika sanduku la vipuri.