Ufunguo, Fumbo na Mlango Uliofungwa: Kutoka Kauli ya Kutendua hadi Mizingile ya Michezo ya Video



Kiswahili kina kundi la vitenzi ambavyo wanasarufi huviweka katika kauli ya kutendua. Funga huzaa fungua, fumba huzaa fumbua, ziba huzaa zibua, komea huzaa komoa, tega huzaa tegua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupenda kusema kwamba kauli hii ni kinyume tu cha tendo, lakini si ukanushi hata kidogo. Kutofunga si kufungua. Mtu hawezi kufungua kitu ambacho hakikuwa kimefungwa; kitenzi chenyewe kimebeba tumboni mwake habari za tendo lililotangulia. Kutokana na fungua tukapata ufunguo, yaani chombo cha kutendulia. Si lugha zote zilizopita njia hiyo. Mjerumani alikiita chombo hicho Schlüssel kutokana na kitenzi chenye maana ya kufunga. Mwarabu, kama sisi, alikiita miftah kutokana na kufungua. Kufuli tulilichukua kwake. Ufunguo tulijifulia wenyewe.

Nimeanza na sarufi kwa sababu mada yangu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Nataka kuzungumzia funguo na milango iliyofungwa katika michezo ya video ya kusafiri na kutafuta hazina. Vijana wetu huicheza kwa Kiingereza na kuisimulia kwa Kiswahili, nasi wanaisimu hatujawapa maneno ya kuisimulia vizuri. Hata mahali penyewe panakosa jina. Kiingereza hupaita dungeon, neno lililotokana na Kifaransa donjon, yaani mnara mkuu wa ngome. Neno hilo liliteremka kutoka juu ya mnara hadi chini ya ardhi likawa gereza; kisha mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wao wa Dungeons & Dragons, likawa pango lolote lenye vyumba, hatari na hazina. Kulitafsiri kwa neno gereza ni kupotosha, maana anayeingia humo huingia kwa hiari yake na kwa tamaa yake. Mimi nitatumia mzingile, neno letu la kale ambalo Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1991.

Swali langu ni moja. Mlango uliofungwa ndani ya mzingile humwambia nini mchezaji? Jibu langu ni kwamba humpa ahadi, na historia ya funguo hizi ni historia ya namna ahadi hiyo ilivyotolewa, ilivyovunjwa na ilivyorekebishwa.

Habari hii inaanza na maneno matupu, bila picha. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mtaalamu wa programu za kompyuta wa Marekani ambaye pia alikuwa mvumbuzi wa mapango, alitunga mchezo wa maandishi kwa ajili ya binti zake, akiuegemeza kwenye sehemu ya pango la Mammoth huko Kentucky, alikokuwa amepita kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford aliupanua, ukajulikana kama Colossal Cave Adventure. Mchezaji husoma maelezo ya mahali alipo, kisha huandika amri ya neno moja au mawili: kitenzi na nomino, basi. Programu husoma herufi tano za mwanzo za kila neno na kuzipuuza zilizobaki. Sarufi maskini kuliko hiyo ni adimu, lakini ilitosha kufungulia kufuli. Mwishoni mwa barabara pana jengo dogo, na ndani yake pamelala funguo. Ukifuata mkondo wa maji hadi bondeni utakuta mlango wa nondo uliofungwa, ambao ndio kinywa cha pango. Aliyezipuuza funguo hurudi kuzichukua. Hakuna aliyepotezewa safari.

Lakini Crowther na Woods waliweka pia ufunguo wa aina nyingine. Kuna neno XYZZY, lisilo na maana katika lugha yoyote niijuayo. Anayelijua tayari aweza kuliandika akiwa ndani ya jengo lile na kujikuta pangoni bila kugusa kufuli. Wasomaji wa hekaya ya Ali Baba hawatashangaa. Mimi hunifurahisha kwamba tangu mwanzo kabisa mzingile ulikubali kufunguliwa kwa chuma na kwa neno pia.

Warren Robinett aliuona mchezo huo akaamua kuuhamishia kwenye mashine ya Atari ya kuunganishwa na televisheni. Nafasi aliyokuwa nayo kwa programu nzima ilikuwa kilobaiti 4. Adventure, uliotoka mwaka 1980, una ngome tatu, ya njano, nyeupe na nyeusi, na kila ngome ina ufunguo wa rangi yake. Mchezaji ni mraba mdogo tu, na hubeba kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akishika ufunguo hana upanga. Akishika upanga, mlango umemshinda. Popo huruka huku na huko akinyakua vitu na kuviacha apendapo, pengine ufunguo wako mwenyewe. Kitu kikikwama ukutani, ipo sumaku ya kukivuta. Hapa ufunguo una tabia ya nomino ya pekee: uko mmoja, una mahali pake, una historia yake ya kuokotwa, kupotea na kuibwa. Swali la mchezaji ni "uko wapi?" Ndiyo maana waliocheza mchezo huo utotoni wakauzungumzia ufunguo mweusi kana kwamba ni mtu wanayemfahamu.

Robinett alificha pia nukta moja ya rangi ya kijivu, ndogo mno, katika mzingile wa ngome nyeusi. Anayeibeba hadi mahali panapostahili hupenya ukuta na kuingia chumba chenye jina la mtunzi. Atari ya wakati ule haikuwa ikiandika majina ya watunzi kwenye michezo yake. Nukta ile haina umbo la ufunguo, lakini kwa kazi yake ni ufunguo, tena wa mlango ambao mwajiri hakujua kuwa upo.

Miaka michache baadaye nomino ya pekee ikageuka kuwa nomino ya kuhesabika. Katika Gauntlet, mchezo wa mwaka 1985 wa kumbi za kulipia, funguo zote ni sawa na kila moja hufungua mlango wowote. Mwaka 1986 Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa Nintendo walitoa The Legend of Zelda, wenye mizingile tisa. Humo ufunguo ni tarakimu pembeni mwa skrini. Ukiokota mmoja idadi hupanda, ukifungua mlango hushuka. Ufunguo uliopatikana katika mzingile mmoja hutumika katika mwingine, na ukipungukiwa waweza kununua dukani, kwa 80 katika duka moja na 100 katika jingine. Sarafu yenyewe inaitwa rupee, jina ambalo babu zetu waliokuwa wakihesabu kwa rupia wangelitambua mara moja. Katika mzingile wa nane hupatikana ufunguo usiokwisha, ufunguao kila mlango. Mtaani huitwa ufunguo malaya, na waniwie radhi waliokaa safu ya mbele.

Mabadiliko haya yalileta hatari ambayo Robinett hakuwa nayo kwa namna hiyo. Chukulia chumba chenye milango mitatu na mchezaji mwenye funguo mbili. Nyuma ya mlango mmoja pana ufunguo wa tatu na njia ya kuendelea. Nyuma ya miwili mingine hamna kitu. Mwenye bahati mbaya atafungua hiyo miwili, na safari yake itakuwa imekwisha bila kuuawa na yeyote. Hatajua kuwa imekwisha. Atazunguka usiku kucha akipapasa kuta.

Hapa fasihi simulizi yetu ina la kusema. Mtegaji wa kitendawili hufumba jambo mbele ya hadhira, na ana haki ya kulifumba sana. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na mtoto hulifikiria kwa muda mrefu. Lakini haki hiyo ina sharti: jibu lazima liwepo, na mtegaji lazima awe nalo. Wasikilizaji wakishindwa hutoa mji, mtegaji akakubali mji huo, kisha hulitoa jibu. Hakuna anayerudi nyumbani amefungiwa. Neno tega hutumika kwa kitendawili na kwa mtego pia, na tofauti ya hivyo viwili iko katika sharti hilo tu. Duka la funguo la mwaka 1986 ni mji. Gauntlet nayo ina mji wake: wachezaji wakikaa muda mrefu bila kutenda lolote, milango hufunguka yenyewe.

Michezo mingine ya miaka hiyo ilikuwa mitego mitupu. Mchezaji angeweza kusahau kitu kidogo mwanzoni, akaendelea kwa saa nyingi, kisha akakuta kwamba bila kitu hicho hakuna mbele wala nyuma. Mwaka 1989 Ron Gilbert, mtunzi wa michezo wa Marekani, aliandika makala makali dhidi ya desturi hiyo, na kazi yake ya mwaka uliofuata, The Secret of Monkey Island, iliikwepa. Nintendo nao walirekebisha hesabu yao. Katika A Link to the Past, mwaka 1991, funguo ndogo hufungwa ndani ya mzingile wake, hazitoki. Na kila hesabu hufungwa papo hapo. Pakaongezwa ufunguo mkubwa, mmoja kwa mzingile. Hivyo nomino ya pekee ikarudi kando ya ile ya kuhesabika.

Wakati huohuo njia ya tatu ilikuwa imekwisha chipuka. Katika Metroid, pia wa mwaka 1986, mlango mwekundu haufunguliwi kwa ufunguo bali kwa makombora, na njia nyembamba hupitwa na aliyejifunza kujiviringa kama mpira. Ufunguo umekuwa kitenzi. Mchezaji haulizi tena una nini. Huuliza waweza nini. Doom ya mwaka 1993 ilirudia rangi tatu bila kuongeza mengi. Resident Evil ya mwaka 1996 inavutia zaidi: funguo zake zina nembo ya upanga, ngao, deraya na kofia ya chuma, na ufunguo uliomaliza milango yake yote, mchezo hukuuliza kama uutupe. Kwa swali hilo moja mwandishi anakiri kuwa ahadi imetimizwa.

Mfano wa ahadi iliyotimizwa kwa shida ni mzingile wa maji katika Ocarina of Time ya mwaka 1998. Maji yana vina vitatu, na kila kina hufungua vyumba vingine na kuvifunga vingine. Ufunguo mmoja umewekwa chini ya gogo linaloelea katika mnara wa kati, mahali ambapo wengi hupita juu yake bila kuona. Kwa hesabu mzingile huo ni halali kabisa. Hakuna anayeweza kunasa humo milele. Hata hivyo watu wengi walijiona wamenaswa, na mbunifu wake, Eiji Aonuma, ameeleza hadharani majuto yake, hasa juu ya viatu vya chuma vilivyomlazimu mchezaji kusimamisha mchezo kila alipovivaa na kuvivua. Toleo la mwaka 2011 liliongeza mistari ya rangi inayoelekeza mahali pa kubadilishia kina cha maji. Kwa maoni yangu mistari ile ilikuwa ya lazima. Msemaji hawezi kujitetea kwamba sentensi yake ilikuwa sahihi kisarufi iwapo hakuna aliyeielewa.

Siku hizi wapenzi wa michezo hii wameunda programu zinazochanganya upya vitu vyote vya A Link to the Past, kiasi kwamba kila mchezo ni mzingile mpya. Programu itajuaje kwamba haijamfungia mtu? Njia moja mashuhuri huanza kwa kudhani kuwa mchezaji anavyo vitu vyote. Kisha huchukua kimoja, tuseme ufunguo, huuondoa mkononi mwake, na kuuliza: bila huu, lakini kwa vingine vyote vilivyobaki, anaweza kufika wapi? Ufunguo huwekwa katika mojawapo ya sehemu hizo tu. Kisha huchukuliwa kingine, na kingine, mpaka mikono ya mchezaji ibaki mitupu mlangoni. Yaani mzingile haujengwi kwa kufunga milango mmoja baada ya mwingine. Hujengwa kuanzia hali ambayo kila mlango umekwisha funguliwa, na kila hatua ya kufunga huruhusiwa pale tu ambapo tendo la kuitendua tayari lina mahali pake.