Usimamizi wa Taka Hatarishi Katika Karakana za Magari Mkoani Singida

Taka hatarishi za karakana ya magari ni mabaki ya matengenezo yanayoweza kudhuru afya ya binadamu au mazingira. Miongoni mwake ni oili chafu, vichujio vya oili, betri zilizokufa, majimaji ya breki na matambara yaliyolowa mafuta. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unayaweka mafuta machafu na madini ya risasi, yanayopatikana kwa wingi katika betri za magari, kwenye orodha ya taka zinazopaswa kudhibitiwa.

Mkoani Singida suala hili linagusa moja kwa moja maji ya kunywa. Mji wa Singida hutegemea visima virefu, vikiwemo vya Mwankoko na Irao, na vijiji vingi hutumia maji ya ardhini. Oili inayomwagwa chini haipotei: udongo huinyonya, na mvua za msimu zinapoanza huweza kuishusha kuelekea visimani au kuisukuma hadi mabondeni na kwenye maziwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Aidha, sheria hiyo inazingatia msingi kwamba anayechafua ndiye anayewajibika kulipa gharama za uchafuzi.

Utekelezaji katika karakana, iwe ya Serikali au binafsi, huanza fundi anapofungua nati ya oili. Kazi hiyo hufanyika juu ya sakafu ya zege, na oili hukingwa kwa karai kisha kuhifadhiwa katika pipa lenye mfuniko na maandishi yanayoeleza kilichomo. Vichujio huachwa vichuruzike kabla ya kuhifadhiwa. Betri huwekwa wima, mahali pakavu penye paa, bila kumwagwa tindikali yake. Oili iliyomwagika hufyonzwa kwa mchanga au maranda, ambayo nayo huwa taka hatarishi. Maji ya kuoshea magari hupitishwa kwenye shimo la kutenganisha mafuta. Taka hukabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali pekee, na kumbukumbu za kiasi kilichokabidhiwa hutunzwa.

Mazoea kadhaa yanapaswa kuachwa: kumwaga oili chafu barabarani ili kutuliza vumbi, kuipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, kuyeyusha betri majumbani, na kutumia madumu ya oili kuhifadhia maji au mafuta ya alizeti. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini.

Mwenye gari naye ana nafasi yake: kabla ya kubadilisha oili, aulize itakakopelekwa ile ya zamani. Anayeshuhudia umwagaji wa taka hizo atoe taarifa kwa Afisa Mazingira wa halmashauri yake.